Kompyuta ya kizamani ya kujiundia: ni kitu gani hasa?

Mtu akisikia "kompyuta ya kizamani ya kujiundia" huwaza lile dude la rangi ya maziwa lililokuwa likikusanya vumbi ofisini, sasa limefufuliwa. Sivyo. Lile ni kuukuu tu. Hii ninayoisema ni mpya: bodi nimeilehemu mwezi uliopita mezani kwangu hapa Kondele, Kisumu, na harufu ya moshi wa kulehemu bado iko kwenye mapazia. Uzamani wake uko kwenye tabia. Inaelewa maagizo yaleyale ya mashine za miaka ya 1970, kwa hiyo programu za wakati huo huingia humo na kufanya kazi bila kubadilishwa hata herufi moja.

Wala si emuleta. Emuleta ni programu inayokaa ndani ya laptopu yako ikijifanya mashine nyingine. Inaigiza vizuri sana, nami naitumia, ila haina waya wa kugusa.

Wajenzi wengi huanza na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, aina ya Z80, iliyotolewa na kampuni ya Zilog mwaka 1976. Ni kidude cheusi chenye miguu 40, inayoonekana kwa macho na kulehemika kwa mkono, tofauti na prosesa za leo. Miguu 16 ni ya anwani, yaani namba ya nafasi kwenye memori, 8 ni ya data. Kila mguu wa anwani una hali mbili tu, umeme upo au haupo. Zidisha mbili kwa mbili mpaka ufikishe mbili 16, utapata anwani 65,536, kila moja ya baiti moja. Hapo ndipo mwisho wa memori ambayo prosesa hii inaweza kuifikia kwa wakati mmoja, yaani kilobaiti 64. Picha moja ya simu yenye megabaiti 3 ingetaka memori ya mashine 48 za namna hii. Na bado humo watu waliandika barua kwa WordStar na kutunga programu kwa Turbo Pascal.

Jaribio la kwanza la bodi ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kabla hujaweka memori, unafunga miguu 8 ya data kwenye sifuri. Kwa Z80, sifuri ni agizo: usifanye kitu, songa mbele. Basi prosesa inasoma sifuri, inasonga, inasoma sifuri nyingine, inasonga. Ukipunguza kasi ya saa yake, yaani mapigo ya umeme yanayoisukuma hatua kwa hatua, na kuweka vitaa kwenye miguu ya anwani, utaviona vikihesabu.

Vya kwangu vilihesabu nilipoukaribisha mkono tu. Nikiutoa, vinaganda. Nikiurudisha, vinaendelea. Nilianza kujiona mganga. Nikaibeba bodi hadi kwa fundi wa redio karibu na soko la Kibuye, mzee ambaye hajawahi kushika Z80 maishani mwake. Akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akasema, "Omera, huu mguu mbona umeuacha hewani?" Ulikuwa mguu wa WAIT, ambao hutumiwa kuiambia prosesa isubiri. Usipofungwa popote, unaokota umeme wowote unaopita, pamoja na ule wa mkono wangu. Rezista moja (kipuri cha kubana umeme) ya kilo-omu 10 kutoka mguu huo hadi volti 5, kazi ikaisha. Alinitoza bei ya soda.

Lakini prosesa peke yake haielezi kwa nini programu iliyoandikwa Marekani miaka zaidi ya 40 iliyopita ikubali kukaa kwenye bodi niliyoiunda mimi. Jibu ni mfumo endeshi wa CP/M, uliotungwa na Gary Kildall mwaka 1974. Fikiria hoteli ya samaki. Mteja anamwambia mhudumu, "Niletee ngege na ugali." Hajui jikoni wanapikia kuni, makaa au gesi, wala haimhusu. Wakihama kutoka kuni hadi gesi, mteja ataagiza vilevile.

Programu ya CP/M ndiyo mteja. Ikitaka kuandika herufi kwenye skrini, inaweka namba 2 mahali palipokubaliwa ndani ya prosesa, inaweka herufi yake mahali pengine, kisha inaita anwani namba 5. Basi. Haijui kama skrini ni ya mwaka 1978 au ni laptopu iliyounganishwa kwa waya. Mhudumu aliye kwenye anwani hiyo, yaani CP/M yenyewe, anapeleka agizo jikoni, na jikoni panaitwa BIOS, neno lililoanzia kwenye CP/M na ambalo hadi leo mafundi wa kompyuta wanalitamka kila siku. Katika CP/M toleo la 2.2, BIOS ina milango 17 tu: soma kitufe, andika herufi, chagua diski, na kadhalika. Mjenzi akishaiandika milango hiyo ifae bodi yake, maelfu ya programu zinahamia siku hiyohiyo. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kazi ya kujenga kompyuta. Kulehemu ni mikono tu.

Diski za flopi sijahangaika nazo. Nimeweka kadi ya CompactFlash, zile za kamera za zamani. CP/M 2.2 haikubali diski inayozidi megabaiti 8, lakini inakubali diski 16, kuanzia A hadi P. Kadi ya megabaiti 128 ikagawanyika sawasawa, kana kwamba walipatana.

Vipuri bado vinapatikana, ingawa mwaka 2024 Zilog ilitangaza kwamba inaacha kupokea oda za Z80 ya kawaida. Nilinunua tatu za akiba.

Mpwa wangu wa kidato cha pili aliikuta imewaka, skrini nyeusi na alama moja tu: A>. "Mjomba, mbona kompyuta za shule zinaanzia C?" Nikamweleza kwamba A na B ziliachiwa flopi, na diski ngumu ilipokuja ikachukua herufi iliyofuata. Flopi zilikufa, viti vyao vikabaki vitupu. Akaandika DIR, majina ya mafaili yakashuka. Akatabasamu, kumbe anaijua. Akajaribu COPY. Mashine ikamrudishia neno lake mwenyewe: COPY?

Humo kunakili huitwa PIP, nikamwambia, na unataja kwanza unakopeleka, ndipo unakotoa.