Mtego wa usiku haumkamati mbu wa mchana

Mbinu nyingi tunazotumia kumchunguza mbu tulizirithi kwenye vita vya malaria. Dengue na chikungunya, homa za virusi zinazoenezwa na mbu aumaye mchana, hupenya kwenye mianya ya mbinu hizo, mchana kweupe.

Dhana: "Kipimo hakijaona malaria, basi imejificha."
Kipimo cha haraka cha malaria hutafuta protini za vimelea vya malaria. Virusi hakivijui kabisa. Na dengue nayo ina saa zake. Siku tano hivi za mwanzo hutafutwa kirusi chenyewe au protini yake iitwayo NS1, baadaye kingamwili. Aliyeanza homa siku nane zilizopita akipimwa NS1 peke yake anaweza kurudi nyumbani na jibu la "huna" huku dengue anayo. Kwa hiyo swali la "homa ilianza lini?" si la adabu tu.

Dhana: "Tega taa usiku, utawajua mbu wote wa mtaa."
Utawapata Anopheles, mbu wa malaria, na Culex, mbu mwingine wa usiku. Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoa meupe anayeeneza dengue na chikungunya, huuma mchana, na taa haimshughulishi sana. Huyu hutegewa kopo jeusi lenye maji kidogo na kipande cha ubao au kitambaa ndani, mayai yakahesabiwa. Ni rahisi mno, hata shule ya msingi inaweza. Ila mayai yanakwambia mbu yupo, hayakwambii kama ana kirusi. Kwa hilo mbu hukusanywa mafungu mafungu, wakasagwa na kupimwa maabara. Australia wamejaribu njia ninayoipenda zaidi: kadi iliyopakwa asali huwekwa ndani ya mtego, mbu anaramba na kuacha mate, na kirusi kinatafutwa kwenye mate hayo. Kadi husafiri bila barafu, jambo kubwa kwa kituo kilicho mbali na maabara.

Dhana: "Bila mvua hakuna mlipuko."
Waulize watu wa Lamu, pwani ya Kenya. Mwaka 2004 chikungunya iliwaka kisiwani wakati wa ukame, watu wakiwa wameweka maji ndani kwenye mapipa na mitungi. Damu zilizopimwa Oktoba zilionyesha kwamba takriban robo tatu ya waliochunguzwa walikuwa wameambukizwa. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa mwingine wa virusi vinavyoenezwa na mbu, ndiyo hufuata mvua kubwa, kwa kuwa mayai ya mbu wake husubiri mafuriko ardhini. Mwaka 2006 picha za setilaiti na joto la Bahari ya Hindi vilitoa tahadhari kabla wagonjwa hawajaonekana kaskazini mashariki mwa Kenya mwezi Desemba. Kalenda moja haitoshi.

Dhana: "Ni magonjwa ya kuletwa na wageni."
Chikungunya ni neno la Kimakonde la kujikunja, lililotokana na mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Zika, kirusi kingine kienezwacho na Aedes, kina jina la msitu ulio karibu na Entebbe, Uganda. Mwaka 1947 kirusi hicho kilipatikana humo kwa tumbili aliyewekwa kizimbani juu mitini, watafiti wakiisaka homa ya manjano.