Je, wajua? Ilikuwaje mfanyabiashara wa pembe akawa liwali wa Mfalme wa Wabelgiji

Februari 1887, mjini Zanzibar, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Tippu Tip, alitia saini mkataba na mvumbuzi Henry Morton Stanley, aliyekuja kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Akawa liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Pembe chache kubwa za ndovu zingempa zaidi ya hizo. Mkataba haukumkataza kuendelea na biashara yake, na pengine hicho ndicho kifungu alichokisoma kwa makini.

Tajiri wa namna hiyo alipataje kuwa mtawala? Jibu ambalo wengi wetu tumelibeba tangu shuleni ni kwamba alikuwa jemadari wa Sultani wa Zanzibar, akaiteka Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, kwa bunduki, kisha Leopold akamnunua. Jibu hilo lina kasoro karibu kila mahali. Sultani hakumtuma. Aliingia bara kwa njia aliyoingilia baba yake, mfanyabiashara wa Tabora: kwa mali ya mkopo. Sultani mwenyewe, Seyyid Barghash, hakuwa na jeshi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na bendera yake huko ilipepea kwa hiari ya wafanyabiashara.

Bunduki alizitumia, na watu waliuawa na wengine kutiwa utumwani. Hilo halina kificho. Mwaka 1867 alimshinda Nsama, mtawala wa Watabwa, akaondoka na pembe nyingi. Lakini bunduki ya gumegume hushindiliwa baruti kwa mdomoni, na mvua ikinyesha inakuwa gongo tu. Inaweza kumnyang'anya mtu pembe iliyo mbele ya macho. Haiwezi kumfanya mwindaji aliye msituni, mwendo wa siku tano, aifukue aliyoificha na kukuletea, mwaka huu na mwaka ujao.

Kilichoweza kufanya hivyo ni uchifu. Sehemu nyingi za Afrika ya Kati zilikuwa na desturi hii: ndovu akianguka, pembe iliyogusa ardhi ni ya mwenye nchi, ya pili ni ya mwindaji. Mfanyabiashara hununua pembe kwa nguo na shanga. Mwenye nchi hupelekewa. Ukiwa vyote viwili, nusu ya mzigo wako haijakugharimu hata doti moja ya merikani, yaani kitambaa cha pamba.

Tippu Tip alilielewa jambo hilo mapema. Miaka ya 1870 alisikia kwamba Kasongo Rushie, mtawala mzee wa Utetela, nchi ya Watetela, alikuwa na dada wawili waliotekwa vitani zamani. Akajitokeza na kudai kuwa bibi yake mzaa mama alikuwa mmoja wao. Mzee akampokea kama mjukuu, akamwachia utawala na kuwaagiza watu wampelekee pembe. Chanzo cha kisa hiki ni yeye mwenyewe, kwa hiyo tukipokee kwa tahadhari. Tusichoweza kukataa ni kwamba Utetela ilimtii.

Sasa turudi kwenye deni, maana ndilo lililoisukuma mashine yote. Matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, Taria Topan akiwa mkubwa wao, walitoa merikani, kaniki, shanga, waya wa shaba na baruti kwa mkopo. Malipo yalikuwa pembe, siku msafara utakaporudi. Ni kama mtu aliyechukua bidhaa kwa mali kauli na kwenda kufungua duka mahali pasipo na barabara, wala chakula, wala mjumbe wa kuamua kesi. Ili auze, lazima kwanza avitengeneze vyote hivyo.

Piga hesabu. Frasila moja ni kama kilo 16, na mpagazi mmoja hubeba takriban frasila mbili. Frasila 1,000 zinataka watu 500. Kila mmoja anakula kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu gramu 700, kwa hiyo msafara unamaliza kilo 350 kila kukicha, na kutoka Kasongo, mji wake wa Manyema, hadi Bagamoyo pwani ni zaidi ya kilomita 1,300 hata ukipima kwa mstari ulionyooka. Chakula kikikosekana, wapagazi hutoroka na pembe hulala njiani. Ndiyo sababu ya mashamba ya mpunga kuzunguka Kasongo, mengi yakilimwa na watumwa. Ndiyo sababu ya vituo, walinzi wa njia na baraza la kuamua ugomvi. Aliondoka pwani mwaka 1870, akarudi 1882. Katika miaka hiyo 12 duka lilikuwa limekwisha kuwa serikali.

Leopold alikuja kukuta jengo limesimama. Mwaka 1886 kituo chake cha Stanley Falls kilishambuliwa na kuachwa, na kupigana tena kungegharimu kuliko pauni 30. Kwa Tippu Tip, kituo hicho kilikuwa mahali ambapo meli za mto Kongo hukomea baada ya zaidi ya kilomita 1,600 za maji tulivu. Meli hubeba pembe bila kula kibaba.

Mpango uliharibikia palepale penye nguvu zake. Mkataba ulimtaka azuie biashara ya watumwa eneo lote, lakini wafanyabiashara wakubwa kama Mwinyi Mohara wa mji wa Nyangwe hawakuwa chini yake. Cheo kutoka Ulaya hakikuwa na maana kwao. Mwaka 1890 alianza safari ya kurudi pwani. Mwaka 1892 Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wake mkubwa Utetela, akahamia upande wa Wabelgiji pamoja na watu wake. Mwaka uliofuata Sefu, mwanawe Tippu Tip, akafa katika vita vilivyozuka.

Mzee mwenyewe alibaki Zanzibar na mashamba yake hadi alipofariki Juni 1905, akiwa ameacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Humo frasila zimehesabiwa vizuri, ila tarehe zimechanganyika, na wanahistoria bado wanabishana alikuwa wapi mwaka gani.