Bwawa la nyumbani nalo lina kanuni zake

Wengi bado wanaamini kuwa bwawa la kuogelea la nyumbani ni shimo lenye maji tu, na kwamba kanuni za ujenzi ni za mahoteli na mabwawa ya umma. Si kweli. Tazama ISPSC, kanuni ya mabwawa inayotumika sehemu nyingi za Marekani, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2012. Inagusa mabwawa ya umma, ya makazi, ya mawimbi na ya maji moto, hata yale yanayosimamishwa juu ya ardhi bila kuchimba.

Katika sehemu nyingi za Marekani, kinachoamua kama bwawa la nyumbani linahitaji uzio si ukubwa wake, ni kina cha maji: likizidi inchi 24, karibu sentimita 61, linahitaji kizuizi. Bwawa la maji moto linaweza kuruhusiwa kutumia kifuniko imara chenye kufuli badala ya uzio.

Lango ndilo ningependa ulichunguze kwa makini. Lifungukie nje, upande usio wa maji. Ukiliachia, lijirudie lenyewe na komeo lijifunge, bila mtu kulisukuma. Lango linalobaki wazi kidogo, hata kwa upana wa kiganja, limemfungulia mtoto njia, hata kama uzio wenyewe una urefu wa inchi 48 unaotakiwa.

Kisha chini kule, sakafuni mwa bwawa, kuna tundu la kufyonza maji. Likiwa moja na kifuniko kimevunjika, pampu inaweza kumnasa muogeleaji asiweze kujinasua. Ndiyo maana Marekani ilipitisha sheria ya vifuniko salama mwaka 2007.