Noti za Zamani za Dola Zenye Jina la Benki: Angalia Kibali Kabla ya Kuuliza Bei

Siku hizi dawati letu la uchunguzi wa noti linapokea picha nyingi za noti za kale za dola kutoka kwa ndugu zetu waishio Marekani, walionunua kabati kuukuu au nyumba ya zamani wakakuta pesa ndani. Swali ni lilelile: "Inauzwa ngapi?" Picha ni ya upande mmoja, tena kidole kimeziba nambari.

Noti zenye jina la benki, ziitwazo noti za benki ya taifa (National Bank Notes), zilitolewa kati ya 1863 na 1935 na benki binafsi zenye kibali cha serikali ya shirikisho. Benki iliweka hati fungani za serikali kwenye Hazina ya Marekani kama dhamana, ndipo ikapewa noti zenye jina lake na mji wake. Kwa hiyo benki kufilisika hakuiui noti. Hadi leo ni pesa halali kwa kiasi kilichoandikwa, na tungeshukuru hili lisiulizwe tena.

Tafuta nambari ya kibali cha benki, si nambari ya noti. Kwenye noti ndogo za 1929, zenye muhuri wa kahawia, imechapwa kwa wino mweusi kushoto na kulia. Ikirudiwa kwa kahawia karibu na nambari ya noti, hiyo ni aina ya pili. Ukikuta herufi moja, A hadi L, mahali pa nambari hiyo, pamoja na jina la Federal Reserve Bank (tawi la benki kuu ya Marekani), si noti ya benki ya taifa, hata kama juu imeandikwa National Currency na muhuri ni wa kahawia vilevile. Wengi huteleza hapa.

Umri peke yake hauleti bei. Noti ya dola 20 ya 1929 kutoka benki kubwa ya New York hupatikana kirahisi. Ya mwaka huohuo kutoka Juneau au Fairbanks, Alaska, hugombaniwa mnadani. Kinachoangaliwa ni noti ngapi za benki hiyo zimebaki. Ile ya dola 2 ambayo tarakimu imelala ubavu ina wanunuzi hata ikiwa imechakaa. Baada ya hapo ndipo tunatazama mikunjo, matundu ya pini na kingo zilizokatwa. Usiioshe. Usiipige pasi. Selotepu, hapana.

Iliyoungua au kuliwa na panya hupelekwa Bureau of Engraving and Printing, idara ya serikali inayochapa noti, Washington, pamoja na barua inayoeleza kiasi unachokadiria na jinsi ilivyoharibika. Usiitenganishe vipande. Ikibaki zaidi ya nusu na ikatambulika, unalipwa. Ikibaki nusu au pungufu, lazima ithibitike kwamba sehemu iliyokosekana imeteketea. Malipo ni kiasi kilichoandikwa tu, kwa hiyo noti adimu usiipeleke huko kabla haijakaguliwa.

Ukishuku ni bandia, usimrudishie aliyekupa. Itie kwenye bahasha, punguza kuishikashika, andika ulipoipata na lini, kisha ikabidhi polisi au Secret Service, idara ya shirikisho inayochunguza pesa bandia. Kuitumia au kuiuza kwa nia ya kudanganya ni kosa la shirikisho, kifungo hadi miaka 20, na kwamba ni ya kale si utetezi.

Kwa uchunguzi wa awali tuma picha za pande zote mbili, kwenye mwanga wa kutosha, nambari zote zikisomeka. Noti yenyewe usiitume kwa posta ya kawaida.