Ruzuku za bustani na njia za matembezi Marekani: yanayosemwa na yalivyo

"Zote ni kodi ya mwananchi." Si zote. Mfuko wa Hifadhi ya Ardhi na Maji (LWCF), ulioanza 1965, hutegemea hasa mapato ya mafuta na gesi inayochimbwa baharini. Sheria ya 2020 iliuhakikishia dola milioni 900 kila mwaka, zinazogawanywa kati ya serikali kuu na majimbo. Mpango wa njia za matembezi (RTP) ndio unaotokana na kodi: ile ya mafuta yanayochomwa na pikipiki na magari ya nje ya barabara.

"Ukishinda, hundi inakuja." Hapa ndipo miji midogo hukwama. Kwa kawaida mji humlipa mkandarasi kwanza, kisha hudai kurudishiwa. LWCF hurudisha hadi nusu: mradi wa dola 400,000 hupata zisizozidi 200,000. Ankara bila uthibitisho wa malipo hukataliwa. Ujenzi ulioanza kabla ya mkataba kusainiwa haulipwi, na kiwanja kilichonunuliwa mapema hakilipwi pia, isipokuwa kibali maalumu kilitolewa kabla ya ununuzi.

"Nusu inayochangiwa na mji lazima iwe fedha taslimu." Hapana. Ardhi ya msaada huhesabiwa, na kazi ya kujitolea pia, mradi kuwe na karatasi ya mahudhurio yenye jina, tarehe, saa, kazi iliyofanyika na sahihi. Kuijaza kwa kukumbuka-kumbuka mwisho wa mradi ni kumkaribisha mkaguzi.

"Mradi ukiisha, ardhi tunaitumia tupendavyo." Hii ndiyo dhana ghali kuliko zote. Kifungu cha 6(f)(3) cha sheria ya LWCF huifunga ardhi iwe ya burudani ya nje kwa umma milele, na mpaka unaofungwa mara nyingi ni bustani nzima, hata kama ruzuku ilijenga uwanja mmoja wa tenisi. Miaka 40 baadaye mji unataka kituo cha zimamoto kwenye kona, au kampuni ya simu inaomba kupanga eneo la mnara. Yote mawili ni kubadili matumizi. Idhini hutoka serikali kuu, na lazima itolewe ardhi mbadala yenye thamani ya soko isiyopungua ile ya awali, inayofaa kwa burudani kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa hiyo bishaneni kuhusu ramani ya mpaka kabla ya kusaini: kama barabara ya jirani itapanuliwa, ukanda huo uondolewe mapema. Nakala ya ramani ikae pamoja na hati ya ardhi, maana watumishi huhama.

"Kikundi chochote kinaweza kuomba." LWCF hupitia jimboni, na waombaji ni taasisi za umma: majimbo, miji, kaunti, na makabila ya wenyeji yanayotambuliwa. Kikundi kishirikiane na mji. RTP ina nafasi zaidi kwa vikundi katika baadhi ya majimbo, na mchango wa serikali kuu kwa kawaida hufika asilimia 80.

"Michoro mizuri ndiyo inayoshinda." Alama hutolewa kwa kufuata mpango wa burudani wa jimbo, unaohuishwa kila baada ya miaka 5. Usomeni kwanza, kisha mwajirini mchoraji.