Uvimbe wa kifuko cha Valsalva unapopasuka

Pale aota, mshipa mkuu wa damu, inapotoka kwenye moyo, juu tu ya vali yake, kuna vifuko vitatu vilivyobinuka kwa nje. Vinaitwa vifuko vya Valsalva, kwa jina la Antonio Maria Valsalva, mwanaanatomia wa Italia aliyefariki mwaka 1723. Ukuta wa kifuko kimoja, mara nyingi cha kulia, ukiwa dhaifu tangu kuzaliwa, presha ya damu huusukuma mwaka hadi mwaka mpaka unavimba kama puto. Uvimbe huo ndio anurisimu. Ni nadra sana.

Ukisikia "umepasuka" utadhani damu imemwagika kifuani. Kwa kawaida sivyo. Vifuko hivi vimepakana na vyumba vya moyo wenyewe, hivyo damu huchomokea upande wa kulia wa moyo. Damu iliyokuwa safarini kwenda mwilini inarudishwa tena mapafuni, na moyo unaelemewa. Mgonjwa, mara nyingi kijana wa kiume, hushikwa ghafla na maumivu ya kifua na kuishiwa pumzi. Mwingine, tundu likiwa dogo, huchoka polepole kwa miezi, miguu ikivimba.

Hapo sikio la daktari lina thamani kubwa. Mivumo mingi ya moyo, yaani sauti za damu inayopita kwa msukosuko, husikika na kukatika. Mvumo wa tundu hili haukatiki, kwa sababu presha ya aota huizidi ya upande wa kulia muda wote, moyo ukibana au ukilegea. Unanguruma kama mashine. Namba ya chini ya presha nayo hushuka, na mapigo ya mkononi hugonga kwa nguvu. Ninasisitiza hili kwa sababu stetoskopu iko hata zahanati, na mgonjwa huyu akitibiwa kama mwenye pumu, siku za kumwokoa zinapotea.

Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ndicho huthibitisha. Kwenye skrini unaonekana mfuko mwembamba ukipepea ndani ya chumba cha moyo, kama kile kitambaa cha kuonyesha upepo uwanja wa ndege, na damu ikichomoza nchani, ikionyeshwa kwa rangi.

Dawa za kupunguza maji mwilini humpa nafuu tu. Tundu lazima lizibwe. Kwenye upasuaji moyo husimamishwa, mashine ikishika kazi yake, uvimbe hukatwa na pengo hushonewa kiraka. Tangu miaka ya 1990 baadhi ya wagonjwa huzibwa bila kupasuliwa kifua: mrija hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi kwenye tundu, na kizibo hukunjuliwa hapo kuliziba. Mwenye vali ya aota inayovuja sana haimfai njia hii, kwani vali nayo inahitaji kurekebishwa au kubadilishwa.