Je, wajua kwanini semina ya wiki ya kwanza haimsaidii sana nesi mpya?

Nesi mpya akiripoti kazini anapewa semina, na humo ndani kuna nusu saa hivi ya kuambiwa asisahau maisha yake nje ya kazi, apumzike, anywe maji, afanye mazoezi, basi. Miezi mitatu baadae anatamani kuacha kazi. Kwanini?

Marlene Kramer, nesi na mtafiti wa Marekani, alilieleza hili mwaka 1974. Alisema nesi mpya anaanza na fungate, kila kitu kazini anakiona kizuri, halafu ndo anakutana na wodi yenyewe ilivyo na anapata mshtuko. Sasa ukimfundisha kupumzika akiwa bado fungate hayamwingii, hajachoka bado! Ndo maana mafunzo yanatakiwa yagawanywe, kidogo mwanzoni, mengine akishaonja naiti (zamu za usiku) zake za kwanza, halafu tena mwezi wa tatu na wa sita.

Na mimi ningeanza na usingizi kabla ya kitu kingine chochote. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 utendaji wake unashuka kama wa mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu, na huyo huyo ndo unamtegemea apime dozi ya mtoto saa kumi alfajiri, mda ambao mwili wa binadamu uko chini kabisa. So afundishwe vitu vya kushika kabisa: kulala kidogo jioni kabla ya kuingia, kuacha kahawa mapema usiku, kuvaa miwani ya jua akiwa njiani kurudi manake mwanga unauambia ubongo kumekucha, kutundika kanga nzito dirishani, na kukaa na watu wa nyumbani mapema waelewe kwamba kulala saa nne asubuhi sio uvivu.

Halafu wafanye mazoezi ya kusema, kwa sauti kabisa, wawili wawili, "Sista, nimetoka naiti leo, siwezi kuingia tena." Wengi hawajawahi kumwambia mkubwa hivyo maishani mwao.

Ila inchaji, yaani msimamizi wa wodi anayepanga rosta ya zamu, lazima awepo humo kwenye mafunzo, asipokuwepo mnamfundisha nesi kuomba kitu ambacho hakuna wa kumpa. Na vipindi viwekwe ndani ya masaa ya kazi jamani, siku ya ofu ni ya kwake na watoto wake.